Sinia Lililomwagika Mhunze

“Ondoa sinia hilo mlangoni kwangu, Vallabh.”

Shirin aliisikia sauti ya baba yake akiwa nyuma ya pazia la mlango wa kati, akaacha kumpepea mama yake aliyekuwa amelala mkekani, hoi kwa kulia. Tangu azaliwe hajapata kumsikia Mzee Gulamali akimwita jirani yake kwa jina tupu. Siku zote ilikuwa Vallabh-bhai, yaani ndugu Vallabh, hata pale wazee hao wawili walipogombana juu ya karata.

Akasogeza pazia kidogo. Barazani, kwenye jua la alasiri, alisimama Mzee Vallabh, mwenye duka la jirani. Alikuwa amevaa koti lake jeusi lililofungwa vifungo mpaka shingoni, koti ambalo watu wa Mhunze walizoea kuliona kwenye harusi tu. Nyuma yake alikuwa mwanawe, Suresh, nywele zimepakwa mafuta na kuchanwa vizuri, ameshika sinia la shaba lililofunikwa kitambaa chekundu. Pembeni ya kitambaa zilionekana ladu za njano, vitamu vya sherehe, bado zinang’aa samli.

“Kuna nini, bhai?” aliuliza Mzee Vallabh.

“Ndugu yangu ameteketea bandarini Karachi. Habari zimenifikia adhuhuri. Ameungua na matangi ya mafuta, hata mwili haukupatikana. Na wewe unaniletea ladu.”

Mzee Vallabh alishika nguzo ya baraza. Aliapa kwamba hakujua, akaomba waingie ndani wakazungumze wakiwa wamekaa. Mzee Gulamali hakusogea mlangoni.

“Uingie na koti la harusi? Jana redio imetangaza kwamba India yenu imeshinda vita, leo umevaa koti la harusi. Unanifanya mtoto?”

“Si hivyo. Nisikilize, Gulamali.”

“Mmemlipia kisasi shemeji yako, sivyo? Basi mshukuru Mungu wenu. Deni limekwisha.”

Shirin alimwona Mzee Vallabh akibadilika uso. Huyo shemeji, mume wa dada yake, ni mtu ambaye katika nyumba zile mbili hakutajwa kamwe. Mzee akanyoosha mgongo.

“Ndiyo,” alisema polepole. “Tumekuja kusherehekea. Chukua ladu, Gulamali. Kula.”

Mzee Gulamali alilipiga sinia kwa mkono. Lilianguka kwa kishindo kwenye ngazi, ladu zikabiringika mpaka mavumbini, kuku wa jirani wakazikimbilia. Suresh alibaki na mikono mitupu mbele yake, kama bado ameshika kitu. Akainua macho, akayaona macho ya Shirin kwenye ufa wa pazia. Akafungua mdomo.

“Twende,” baba yake akamwambia kwa Kigujarati.

Suresh akaufunga mdomo, akamfuata baba yake. Ilikuwa Desemba, mwaka wa sabini na moja.

Wazee hawa walikuwa wametoka kijiji kimoja cha Kathiawad, kule India, wangali vijana. Walikuja na meli moja, wakapanda treni moja mpaka Shinyanga, na kwa miaka mingi walizunguka na baiskeli katika nchi ya pamba, toka Kishapu hadi mpakani mwa Meatu, wakiuza nyembe, chumvi na kaniki. Mmoja Mwislamu, mmoja Mhindu, na lugha yao ya nyumbani moja. Walipopata mitaji walijenga maduka mawili yaliyogusana ukuta pale Mhunze, na wake zao wakawa wanapeana moto wa jikoni.

Kisha Waingereza walipoondoka India, mwaka wa arobaini na saba, nchi ile ilikatwa vipande. Ndugu yake Gulamali akahamia Karachi, Pakistan, upande wa Waislamu, akaacha shamba na nyumba. Dada yake Vallabh, aliyekuwa ameolewa hukohuko Karachi, akakimbilia upande wa Wahindu akiwa na watoto na sari aliyojifunga tu, mumewe akauawa njiani. Habari zote mbili zilifika Mhunze kwa kuchelewa. Wazee hao walikaa siku nzima barazani bila kusema kitu, na mwisho wakakubaliana kwamba mambo ya kule yabaki kule. Hapa kulikuwa na Wasukuma wa kuuzia, mvua za kusubiri, na watoto wa kulea.

Agano hilo lilisimama. Hata vyama vya ushirika viliponyang’anya wafanyabiashara ununuzi wa pamba, walihuzunika pamoja. Hata India na Pakistan zilipopigana mwaka wa sitini na tano, walizima redio na kuendelea na karata. Safari hii, mwaka wa sabini na moja, ndiyo walishindwa. Vita vilidumu siku chache, lakini kila mmoja alisikiliza redio yake, kila mmoja ndani kwake.

Pande mbili za ukuta ule mmoja, watoto wao walikuwa wamependana.

Penzi lilianza shuleni Shinyanga mjini, likakomaa waliporudi Mhunze, Suresh akawa anaendesha lori la baba yake kuleta bidhaa, Shirin akikaa kaunta. Lugha ya mapenzi yao ilikuwa Kisukuma. Kigujarati mama zao walikielewa, Kiswahili kila mtu alikielewa, lakini Kisukuma wazee walijua cha kupatana bei tu. Mwalimu wao alikuwa Nyamizi, binti wa Kisukuma aliyeleta maziwa kila asubuhi na aliyekuwa rafiki wa Shirin tangu utoto. Siku ya kwanza Suresh kumwambia Shirin anampenda, alikuwa anapakua magunia ya chumvi mbele ya baba yake. “Nakutogilwe,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa gunia. Shirin akainamia kaunta kuficha kicheko.

Walijua hapakuwa na njia. Hakuna aliyepata kuona ndoa ya namna ile katika jamii zao, si Shinyanga, si Mwanza. Lakini miezi michache kabla ya vita Suresh alimwambia ampe muda, kuna jambo analizungumza na baba yake. Hakusema zaidi, na Shirin hakuuliza kwa kuogopa jibu.

Sasa aliona amelipata jibu. Mtu aliyemngojea alikuja mlangoni kwao siku ya msiba na sinia la sherehe, akasimama, na Mzee Vallabh aliposema wamekuja kusherehekea hakulikanusha neno hilo.

Kwa mwezi mzima Suresh hakuonekana. Kisha Nyamizi akaanza kuleta salamu pamoja na maziwa.

“Dada Shirin, anasema umsikilize mara moja tu. Mahali popote utakapotaka.”

“Mwambie mimi nina msiba.”

“Anajua. Anasema kuna kitu hukijui.”

“Nilikuwa nyuma ya pazia, Nyamizi. Nimeona kwa macho yangu.”

Suresh mwenyewe alimfuata gulioni Kishapu, siku ya mnada wa ng’ombe, watu wamejaa na vumbi limetanda. Alimkuta Shirin kwenye meza ya vitambaa ya Mzee Gulamali. Suresh alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya meza akamsalimu kwa Kisukuma, taratibu, kama zamani.

Shirin alimtazama. Kooni alikuwa na maneno mengi, na la kwanza kabisa lilikuwa jina lake. Akamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile alichomjibu mteja yeyote.

“Karibu, bwana. Unatafuta kitambaa gani?”

“Shirin, naomba. Lile sinia...”

“Kama hununui, pisha wengine.”

Nyuma ya Suresh kulikuwa na akina mama wawili wanaongoja. Aligeuka akawaona, akapisha. Shirin akawapimia kitenge, akakosea urefu, akapima upya. Alipoinua kichwa, Suresh alikuwa ameshazama katika watu. Aliitazama njia ya kwenda kwenye malori, na miguu yake ilitaka kukimbia. Akabaki pale pale, akaendelea kupima.

Kabla ya mvua za masika alikuwa ameolewa Mwanza na muuza vyuma mwenye umri wa kutosha kuwa baba yake mdogo. Mtu yule hakuwa mbaya. Alimheshimu, alimletea zawadi kila alipotoka safari, hakumsimanga kwa kukosa mtoto. Shirin alimpikia, alimfulia, na alipougua alimuuguza kwa moyo mmoja. Alipofariki, mwaka wa themanini na moja, Shirin alimlilia kwa dhati, akagundua katikati ya kilio kwamba hakuwahi hata mara moja kumwambia anampenda, kwa lugha yoyote.

Huku nyuma Mhunze ilikuwa imebadilika. Mwaka wa sabini na sita serikali iliamuru maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, biashara ishikwe na maduka ya vijiji. Mzee Gulamali na Mzee Vallabh wakafunga milango wiki ileile, wakahamia Shinyanga mjini. Nyumba za kupanga zilikuwa chache, wakajikuta mtaa mmoja, milango inatazamana. Kila asubuhi waliketi kila mmoja barazani kwake, barabara ya vumbi katikati, wala hawakuamkiana. Suresh alishika njia ya Geita. Habari zilizomfikia Shirin ni kwamba yuko Rwamgasa, anawauzia wachimbaji wa dhahabu chakula na vifaa, na kwamba ameoa binti wa Kisumbwa, Mkatoliki wa Ushirombo, anaitwa Theopista. Shirin alizipokea habari hizo akiwa anakunja nguo. Alizikunja zote, kisha akazikunjua na kuanza upya.

Ilipofika mwaka wa themanini na nne, siku moja kabla ya adhuhuri, simu ya dukani kwake Mwanza ililia. Alikuwa mama yake, Khatija, anapiga kutoka posta ya Shinyanga, sauti inakuja na kupotea.

“Shirin, Vallabh amefariki. Juzi. Jana wamemchoma.”

“Innalillahi. Mama Suresh yukoje?”

“Sijui. Baba yako amesema hakuna mtu wa nyumba hii atakayevuka barabara.”

“Wewe umevuka?”

“Miaka hamsini sijamvunjia neno lake,” mama akasema. “Lakini wewe uliolewa, neno lake halikufungi tena. Njoo, mwanangu. Yule mama alikulea.”

Shirin alifunga duka akapanda basi la alasiri. Kesho yake asubuhi, kabla baba yake hajamaliza chai, alijifunga mtandio mweupe akavuka barabara.

Mama Suresh alikuwa ameketi sakafuni ukutani, mdogo kuliko Shirin alivyomkumbuka, sari nyeupe, mikono haina bangili. Shirin alimshika miguu, akasema shikamoo, na mwanamke yule akamvuta kifuani bila kuuliza amekuja kwa ruhusa ya nani. Walilia pamoja. Kisha mama akafuta uso, akawaomba wanawake wengine wawapishe.

“Mwanangu, ninakuuliza kitu. Baba yako bado anaamini tulikuja kusherehekea vita?”

Shirin alisema kwamba yamepita, Mama, tuyaache.

“Hayakupita. Mzee wangu amekufa nayo.” Akaushika mkono wa Shirin. “Siku ile tulikuja kukuposa.”

Mtandio ulimteleza Shirin begani, asiurudishe.

“Suresh alimsumbua baba yake miezi. Mzee alikataa, alitukana, wiki nzima hakula nami meza moja. Kisha asubuhi moja akaniambia, hawa watoto wamezaliwa Mhunze, wanaongea Kisukuma, kwa nini tuwabebeshe mizigo ya kule tulikotoka? Akapanga kwenda. Vita vikaanza. Akasema nitangoja viishe, nisimfuate Gulamali na posa huku redio inalia mabomu. Redio iliposema vimekwisha alifurahi kama mtoto. Aliniambia, pika ladu, kesho tunakwenda. Nilipika mwenyewe, tangu alfajiri. Hatukujua habari ya Karachi. Hakuna aliyetuambia.”

“Lakini alisema...” Shirin alishindwa kumaliza.

“Alisema. Alipotajiwa marehemu shemeji yake, alisema. Akarudi nyumbani akavua koti, akatuapisha mimi na Suresh tusitoe siri. Alisema afadhali wajue tulikwenda kuwacheka kuliko wajue tulikwenda kuwaomba. Alikuja kujuta, mwanangu, wewe ukiwa umeshaolewa. Kila siku amekaa pale barazani akimtazama baba yako. Mara nyingi aliinuka, akafika ngazi ya mwisho, akarudi. Suresh alipomletea mchumba Mkatoliki hakusema hata neno la kupinga. Alisema nimeshaharibu mara moja.”

Shirin alitoka nje uani kwa sababu humo ndani hewa ilikuwa imemwishia. Suresh alikuwa pale, amenyoa kichwa kama desturi ya mtoto wa marehemu, anapanga kuni zilizobaki. Alikuwa amenenepa kidogo, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mchimbaji. Aliacha kuni.

“Mama amekuambia,” alisema.

“Ameniambia.”

Ng’ambo ya ua mwanamke mmoja alikuwa anaosha sufuria, na watoto wawili wenye macho ya Suresh walikuwa wanamsaidia.

“Kwa nini hukusema siku ile?” Shirin aliuliza. “Ulikuwa na mdomo. Mimi niliuona ukifunguka.”

“Nilimwogopa baba yangu. Hilo ndilo jibu, sina jingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mbele ya baba yangu na baba yako, na nikaogopa. Nilidhani nitasema kesho.”

“Na gulioni?”

“Gulioni nilikuja kusema.”

“Nakumbuka.”

“Uliniita bwana.”

“Nakumbuka, Suresh.” Alifuta macho kwa pembe ya mtandio. “Nilidhani nikikusikiliza nitakusamehe, na nikikusamehe nitakuwa nimemtupa baba yangu na msiba wake. Ndiyo maana. Sikuogopa uongo wako. Niliogopa utaniambia kitu kizuri.”

Suresh aliinama akaokota ukuni, akauweka juu ya mwenziwe, akauondoa tena.

“Ningepaza sauti,” alisema. “Pale pale mnadani, mbele ya ng’ombe na watu wote. Nimepaza sauti hiyo mara nyingi, njiani, nikiwa peke yangu kwenye gari. Siku ile nilipisha wateja.”

Mwanamke aliyekuwa anaosha sufuria alikuja na kikombe cha chai. Alipiga goti kidogo kumpa Shirin, kwa adabu ya kwao Ushirombo.

“Karibu, dada. Mimi ni Theopista. Mama alikuwa anakutaja sana.” Akamtazama mumewe, akamtazama tena Shirin, na kama alielewa kitu hakukionyesha. “Kunywa, umesafiri.”

Shirin aliinywa ile chai yote, ingawa ilikuwa ya moto na ilimchoma ulimi. Haikuwa haki kumchukia mwanamke yule, na alijaribu akashindwa.

Alivuka barabara. Mzee Gulamali alikuwa barazani, fimbo katikati ya magoti, hasira tayari usoni.

“Umetoka kule,” alisema.

“Nimetoka kule, Baba.”

Alikuwa amefikiri njia nzima, ambayo asubuhi hiyo aliiona ndefu kuliko hatua zake, kama amwambie au amwache. Baba yake alikuwa mzee, moyo wake una maradhi, na rafiki yake hayupo tena wa kuombwa msamaha. Angeweza kunyamaza naye angekufa akiamini alidhulumiwa. Lakini alikuwa ameona nyumba mbili zilizonyamaza na yaliyozipata. Akavuta kigoda, akaketi karibu na magoti yake, akamwambia yote, bila kulainisha na bila kuzidisha.

Mzee alisikiliza akiwa anatazama ng’ambo, kwenye kiti kitupu cha Vallabh.

“Koti lile,” alisema mwishoni. “Alilivaa kwa ajili ya posa.”

“Ndiyo.”

“Akasema ni la vita.”

“Wewe ulisema kwanza, Baba. Ulimtajia shemeji yake.”

Mzee aliuliza kama Suresh ni mtu mzuri. Shirin akasema ni mtu mzuri. Akauliza kama yeye, Shirin, angekubali. Shirin hakujibu, na baba yake akaelewa, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akaomba viatu.

Kuvuka kule kulimchukua muda, Shirin amemshika upande mmoja, Khatija upande wa pili. Watu waliokuwa msibani waliacha kuzungumza. Mzee Gulamali hakukaa kwenye kiti alicholetewa. Alijishusha sakafuni kwa taabu mbele ya mjane, akavua kofia.

“Dada,” alisema, “nimekuja kwa kuchelewa.”

“Umechelewa,” alisema Mama Suresh. “Alikungoja. Mimi sina la kukukasirikia, Gulamali, nawe ulikuwa na maiti wako. Lakini usiniombe niseme si kitu. Ladu zile nilizipika kwa mikono hii.”

“Siombi hivyo,” alisema mzee. “Naomba kukaa.”

“Kaa.”

Akakaa mpaka jioni. Siku ya pili akarudi, na ya tatu. Suresh alipotangaza kwamba majivu ya baba yake atayamwaga ziwani, pale Kigongo, akiwa njiani kurudi Geita, mzee alimwuliza kwa sauti ya chini kama ndani ya gari kuna nafasi.

Walisafiri wote katika Land Rover ya Suresh: yeye na Theopista mbele, Mzee Gulamali na Shirin na watoto nyuma, chungu cha majivu kimefungwa kitambaa cheupe. Mama Suresh alibaki, kwa mila yao mjane hakutoka. Njiani hakuna aliyezungumza sana. Mzee alimsimulia mtoto mkubwa jinsi babu yake alivyoanguka na baiskeli mto Tungu akaokoa chumvi kwanza kabla ya kujiokoa yeye.

Kigongo walikuta pantoni ingali upande wa pili, Busisi, inapakia malori. Wakashuka kando kidogo ya gati, mahali penye mawe, upepo wa ziwa ukipeperusha nguo zao. Suresh aliingia majini mpaka magotini. Alisoma sala yake, akafungua chungu, majivu yakaelea kidogo juu ya maji kisha yakazama. Petali chache za maua zikabaki zinacheza.

Ndipo Mzee Gulamali alipovua viatu. Shirin alitaka kumzuia, mawe yalikuwa na utelezi, lakini mzee alimwondoa mkono. Aliingia majini na kanzu yake, akasimama kando ya Suresh, akashika bega la kijana yule aliyekuwa karibu kuwa mkwewe. Alizungumza na maji kwa Kigujarati, taratibu, kama mtu aliyeketi barazani na mwenzake.

“Vallabh-bhai. Posa yako nimeipokea. Nimekubali.”

Suresh hakugeuka. Mabega yake yalitikisika, mzee akazidi kuyashika. Shirin alisimama juu ya mawe, maji yakilamba vidole vya miguu yake, na miaka yake yote ya Mwanza ikapita mbele yake, siku kwa siku, kila moja na kazi zake zilizofanywa vizuri.

Theopista alikuja akasimama karibu naye, amemshika mtoto mdogo mkono. Kigujarati hakukijua. Aliwatazama wanaume wawili waliokumbatiana majini, uso wake umejaa huruma.

“Dada, mzee amesema nini?” aliuliza.

Pantoni ilipiga honi ng’ambo, ikaanza kuja. Shirin alimwekea mtoto nguo vizuri begani, upepo usimpige.

“Amemuaga rafiki yake,” alisema.